Haki ya Mwana Mgonjwa Juu ya Babake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Watu wengi wa pwani hudhani ya kuwa mtoto akisha baleghe na kuoa, babake amekwisha tua mzigo. Kwa mwana mwenye afya na nguvu za kuchuma, neno hilo ni kweli. Kwa aliyezuiwa na maradhi si kweli. Imamu Nawawi katika Minhaj amelieleza jambo hili waziwazi: mwana fakiri asiyeweza kuchuma kwa ugonjwa wa kudumu, masurufu yake ni juu ya babake hata akiwa mtu mzima, maadamu baba amebakiwa na kitu baada ya chakula cha nafsi yake na cha mkewe kwa siku ile na usiku wake. Na waliosherehesha kitabu hicho wametia humo ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Hiyo si sadaka hata mtu akatangaza barazani kuwa ametoa. Ni haki ya mwana.

Ewe ndugu, utazame mfano wa mahali palipo mbali na bahari. Wasafiri watokao Arusha kwenda Namanga hupita Oldonyo Sambu, ubavuni mwa mlima Meru. Nchi ile ni kavu, na maji yake mengi yamepita katika mawe ya mlima wa moto, yakachukua madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Serikali ya Tanzania, kwa uhaba wa maji, ilivumilia hata 8 mwaka 1974, baadaye 4, na mwaka 2018 ikashuka hadi 1.5. Kandokando ya Meru kuna maji yaliyopimwa yakapita kiasi hicho mara nyingi. Mtoto anywaye maji hayo meno yake huota na rangi ya kahawia, na wengine miguu yao hupinda. Akiendelea kunywa miaka mingi, viungo hukakamaa, mgongo na shingo zikakataa kugeuka, na maumivu yakamnyima usingizi. Mfupa uliofika hapo haurudi ulivyokuwa. Maumivu hupozwa, na madhara huzuiwa yasizidi.

Basi mfikirie mzee wa huko ambaye mwanawe ana miaka thelathini na tano. Jana alikuwa akipakia magunia, leo hawezi kuinama avae viatu. Mkewe ndiye aendaye sokoni kuchuuza, naye hukaa kivulini, akiona haya kumwomba babake fedha ya dawa. Na mzee ana neno moyoni asilomwambia mtu: maji yale ni yeye aliyemnywesha.

Mzee huyo na ajue kwamba Mwenyezi Mungu hamtwiki mja asiloliweza. Hakuwa na habari, wala kisima kingine hakikuwapo. Lakini leo amekwisha jua, na wajukuu wamo nyumbani.

Wapo watakaomwambia, hii ni kadari, nyamaza usubiri. Ni kadari, hapana shaka. Lakini Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii, na subira yake imesifiwa. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, wala hakuambiwa kuwa amekosa. Na tazama lililofuata katika sura hiyohiyo: baada ya kilio aliwaamrisha wanawe wende wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa. Basi asikemewe kijana anayeugua kwa sauti usiku, na babake asione aibu kulia naye. Asubuhi ainuke akatafute.

Na la kutafutwa lipo. Kuyachemsha maji hakufai kitu, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa batini yakawekwa katika tangi ni salama kwa upande huo. Magadi yatiwayo katika makande na maharage yaachwe, maana yale ya nchi hizo huwa na floraidi nyingi. Kisha kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto, upande wa pili wa mlima, kimeufanyia kazi miaka mingi: mifupa huchomwa, ikapondwa, na maji yakapitishwa humo yakaacha floraidi yake.

Hapa Mwislamu aulize swali. Mfupa wa mzoga ni najisi katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, na kuchomwa hakuutwaharishi. Mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa kisharia ni twahara, na maji yapitayo humo ni twahara. Mzee aulize mifupa ilitoka wapi kabla hajanunua. Kuuliza si taabu kubwa.

Fedha ya dawa asimkabidhi mwanawe mbele ya mkewe na watoto. Wala asingoje aombwe.

Limebaki la sala, kwani wengi wenye ugonjwa huu huacha msikiti kwa haya. Aliyepinda mgongo hata akawa kama mwenye kurukuu, asiambiwe akae kwa ajili ya kupinda kwake. Atasimama hivyohivyo alivyo, na wakati wa rukuu atazidi kuinama akiweza. Akishindwa kusimama ataketi, akishindwa kuketi atalala kwa ubavu. Na ikiwa mikono haimfikii miguu, babake atammiminia maji na kumwosha, na udhu utasihi, maadamu nia ameitia mwana mwenyewe.

Wallahu aalam.