Mchele Ulioharibika

Ndugu wakatekumeni, wako Wakristu wanaoitumia imani kama nguo ya Dominika: baada ya Misa huivua, huikunja na kuifungia sandukuni. Jumatatu, sokoni au ofisini, hawatofautiani tena na mtu asiyemjua Mungu. Wakiulizwa hujibu, "Dini ni dini, kazi ni kazi." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliutaja utengano huo wa imani na maisha ya kila siku kuwa ni moja ya makosa makubwa ya wakati wetu.

Basi sikilizeni habari za kijana mmoja wa mji huu wa Goma, ambaye kazi ya ofisi ndiyo iliyomfikisha mbinguni.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981. Akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na pamoja na wenzake aliwatunza watoto wa barabarani na kuwahimiza wasome. Baadaye serikali ilimpa kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, ile ambayo watu wa Goma huiita OCC. Alipaswa kuangalia kama vyakula vinavyoingia kwa mpaka vyafaa kuliwa.

Ukaja mchele ulioharibika. Akapewa fedha ili auachilie upite, naye akakataa. Akashurutishwa tena, hata na watu wenye nguvu, akakataa tena. Angalieni: hakuombwa kumpiga mtu wala kuvunja nyumba. Aliombwa kunyamaza tu. Ndiyo maana dhambi hii huwanasa hata watu wapole, kwani haina sura ya dhambi, nayo hupewa majina matamu: matabishi, chai, shukrani. Lakini mwenye kupokea hongo ili chakula kibovu kipite ameuza tumbo la mtoto asiyemjua. Alidhani anagusa amri ya saba peke yake, kumbe amekwisha kuivunja na ya tano.

Floribert alilifahamu jambo hilo. Alimweleza sista mmoja, rafiki yake, kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini watu wangekula na kufa. Naye alijiuliza kama kweli anaishi kwa ajili ya Kristu au sivyo. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26.

Labda mmoja wenu atauliza: "Huyo amekuwaje shahidi wa dini?" Swali ni zuri. Mwenyeheri Isidore Bakanja, mlei wa nchi hii hii, alipigwa hata akafa mwaka 1909 kwa sababu alikataa kuvua skapulari ya Bikira Maria. Hapo kila mtu anaiona chuki ya dini waziwazi. Floribert hakuambiwa amkane Kristu. Aliambiwa apitishe mchele. Lakini Bwana amekwisha kutufundisha kwamba analotendewa mdogo anatendewa Yeye. Basi aliyetakiwa kuwalisha wadogo uozo alitakiwa kumkana Bwana, ijapokuwa Jina lake halikutamkwa pale mpakani. Kanisa lilichunguza, na tarehe 25 Novemba 2024 Papa Fransisko alikubali kwamba aliuawa kwa chuki ya imani. Tarehe 15 Juni 2025, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alitangazwa Mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma. Sikukuu yake ni tarehe 8 Julai.

Wengine husema, "Karani asiyelipwa ale nini?" Kweli, kumnyima mtu ujira wake ni dhambi kubwa, Papa Leo XIII aliwakumbusha hayo waajiri wote mwaka 1891, na mwenye kuzuia mishahara atatoa hesabu yake mbele ya Mungu. Hata hivyo njaa ya karani haimpi ruhusa ya kuwatia wengine ugonjwa.

Hapa Keshero si wengi watakaopewa muhuri wa serikali. Lakini mwashi ana simenti ya mtu mwingine mikononi mwake. Aliyeagizwa kuandika majina ya wahitaji, kama pale Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 22 Mei 2021, ana kalamu, nayo kalamu yaweza kuanza na jina la mjane au na jina la shemeji. Mama auzaye unga kando ya barabara ya Sake ana kopo la kupimia. Hayo yote ni mamlaka, ingawa ni madogo, na Kanisa linafundisha kwamba mamlaka ni amana iliyowekwa kwa ajili ya manufaa ya wote.

Siku ya Ubatizo padri atawauliza kama mnamkataa Shetani pamoja na mambo yake yote. Katika neno hilo "yote" limo pia kopo lililobonyezwa kitako.