Mzigo wa Kuthibitisha ni wa Nani?

Katika mahakama za Tanzania kuna maneno ambayo ndugu wa mahabusu huishia kuyajua kwa moyo: "Upelelezi bado haujakamilika." Mwendesha mashtaka anayatamka, hakimu anapanga tarehe nyingine, na mshtakiwa anarudishwa rumande. Siku hiyo kesi ilikuja kutajwa tu. Kama shtaka lina dhamana, ndugu wana la kufanya: watatafuta wadhamini wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wahangaike hadi mtu wao atoke. Kama halina dhamana, hata hakimu akiona wazi kwamba mtu huyu hawezi kukimbia wala kumdhuru yeyote, mikono yake imefungwa. Sheria ilikwisha kumwamulia kabla hajapanda kizimbani.

Kumnyima dhamana mtu ambaye bado hajahukumiwa ni miongoni mwa mamlaka makubwa kabisa ya dola. Utetezi wake unafahamika: uhuru wa mtu mmoja uwekwe kwenye mizani pamoja na usalama wa wote, kisha ionekane upi mzito. Hoja hiyo inasikika ya haki mpaka mtu atazame kinachopimwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ukimweka mahabusu mmoja upande huu na mamilioni hao upande wa pili, jibu limekwisha kupatikana. Isitoshe, anayepima ni dola yenyewe, ambayo ndiyo inayotaka kumshikilia.

Wakati wa uhuru, viongozi wa Tanganyika walilikabili suala hili bila kuficha msimamo wao. Walikataa kuweka hati ya haki za binadamu katika Katiba, na hoja yao haikuwa ya kitoto. Nchi ilikuwa na shule na zahanati za kujenga, karibu majaji wote walikuwa wageni, na Julius Nyerere aliona hatari ya majaji hao kuitumia hati hiyo kukwamisha mipango ya serikali iliyochaguliwa na wananchi. Kinga ya raia ingetokana na maadili ya viongozi na uangalizi wa watu wenyewe. Lakini mwaka 1962 ilitungwa pia sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi, na mahakama zikazuiwa kuihoji amri yake. Aliyepima hakudaiwa kumweleza yeyote alivyopima.

Hati ya haki iliingia katika Katiba mwaka 1984, na hata hapo serikali ilijipa miaka mitatu ya matazamio. Wananchi walianza kuidai mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 30 iliambatana nayo, ikiruhusu haki hizo zibanwe kwa ajili ya ulinzi, amani, maadili, afya ya jamii, hata mipango ya miji na uchimbaji wa madini, na mwishoni maslahi mengine yoyote ya umma. Kwa orodha pana kiasi hicho, ni vigumu kukuta sheria isiyopata pa kujificha.

Hapo ndipo majaji walipofanya kazi ya kifalsafa, ingawa wenyewe wasingeiita hivyo. Katika kesi ya Daudi Pete, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1991, kilichobishaniwa kilikuwa kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kilichozuia dhamana kwa mashtaka yenye shambulio kubwa, tishio la nguvu au silaha. Mahakama haikukana kwamba jamii ina haki ya kujikinga na watu hatari. Ilisema Katiba inalinda haki za mtu na za jamii kwa pamoja. Ilichokikataa ni upana wa kifungu. Kwa maneno yale, jambazi na baba aliyempiga mwizi nyumbani kwake usiku wangeweza kukaa rumande moja, na hakuna ambaye angeruhusiwa kuwatofautisha. Kifungu kikatenguliwa.

Miaka miwili baadaye Kukutia Ole Pumbun na mwenzake walitaka kuishtaki Serikali wakakuta mlango umefungwa. Sheria ilidai wapate kwanza kibali cha waziri. Haikueleza waziri aamue kwa utaratibu gani wala kwa muda gani, na akikataa hapakuwa na pa kukata rufaa. Mahakama ya Rufani iliweka kipimo ambacho wanasheria wa Tanzania wanakitaja mpaka leo: sheria inayobana haki isiwe ya kidhalimu, iwe na vizuizi dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kuliko inavyolazimu kufikia lengo halali.

Baada ya hukumu hiyo, kibali kiliondolewa na mahali pake ikaja notisi ya siku 90. Basi hitaji la Serikali lilikuwa la kweli: ilihitaji muda wa kujiandaa, kuchunguza dai, pengine kulipa bila kwenda mahakamani. Ila hitaji hilo halikuwahi kudai kibali. Hali ilikuwa hiyohiyo mwaka 1994, Jaji Lugakingira alipoamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kuomba kibali ili kufanya mkutano wa hadhara kulikuwa kinyume cha Katiba. Baadaye sheria ikadai taarifa kwa polisi, saa 48 kabla. Polisi walipata nafasi ya kupanga ulinzi, na nchi haikusambaratika.

Mifano hii inabadilisha swali lenyewe. Usalama na uhuru kipi kizito, halijibiki. Linalojibika ni kama lengo la dola lingefikiwa kwa kumgusa raia kidogo zaidi, na anayepaswa kulijibu ni yule anayebana. Kenya imeliandika hilo waziwazi katika ibara ya 24 ya Katiba ya 2010, inayoitaka dola iithibitishie mahakama kwamba masharti ya kubana haki yametimizwa. Sheria ya usalama ya Desemba 2014 ilipoweka kikomo cha wakimbizi na waomba hifadhi 150,000 nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikifuta Februari 2015. Tishio la ugaidi lilikuwa halisi kabisa, lakini uhalisi wa tishio hauthibitishi kwamba kila dawa inayotajwa inalitibu.

Wapo watakaouliza: majaji ambao hawakuchaguliwa na mtu wana mamlaka gani ya kuwapita wabunge? Swali ni zuri, tena kipimo hiki si mashine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 148(5) kwa jumla kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo katika shauri la Dickson Sanga. Na Mtikila aliposhinda pia kuhusu mgombea binafsi, Bunge lilirekebisha Katiba kumzuia mgombea wa aina hiyo. Mahakama ya Afrika yenye makao Arusha ilimpa haki mwaka 2013. Novemba 2019 Tanzania ikajiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko. Kipimo kinailazimisha dola iseme sababu zake hadharani, lakini hakina uwezo wa kuizuia isikihame.

Kinakwama zaidi pale ambapo hakuna sheria ya kupima. Kuanzia mwaka 2016 vyama vya siasa vilizuiwa kufanya mikutano ya hadhara kwa kauli ya Rais wa wakati huo na maagizo ya polisi, huku utaratibu wa taarifa ya saa 48 ukibaki vitabuni bila kubadilishwa. Januari 3, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mikutano imeruhusiwa. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini haki iliyokuwa imeandikwa ilitoweka kwa kauli na kurudi kwa kauli, na miaka yote hiyo Serikali haikulazimika kusimama mahali na kuthibitisha ulazima wa zuio.

Kwa hiyo mvutano mkubwa sasa uko mlangoni: nani ana ruhusa ya kuuliza? Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi, sharti ambalo nalo lilipingwa mahakamani. Kwa kipimo cha Pumbun, kuzuia mashauri ya ovyo ni lengo halali. Ila mahakama ilikwisha kuwa na uwezo wa kuyatupa mashauri ya ovyo yakifika mbele yake, na sharti kama hilo humwachia mahabusu asiye na wakili kazi ambayo chama cha wanasheria kingeifanya kwa niaba ya mahabusu wote.