KIASI NI NINI KWA MTU ANAYEPIMIWA CHAKULA?

Masomo: Kutoka 16, 1 Wakorintho 11:17-34, Wagalatia 5:22-23



Katika vikundi vya maombi swali hili limeulizwa: mtu anayepimiwa unga kwenye mzani, kuna haja gani ya kumfundisha kiasi? Wengine wanasema hilo ni somo la matajiri, sisi tumeshapimiwa. Swali hilo linastahili jibu la heshima.

Kwanza, hatumhubirii mwenye njaa apunguze. Kiwango kinachotumika kupanga mgao ni wastani wa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mwaka 2023 mgao katika kambi za Kigoma ulipunguzwa hadi nusu. Njaa ile haikutokana na ulafi wa mkimbizi. Anayesema hivyo anawaonea watu wa Mungu.

Lakini tuangalie mzani unavyofanya kazi. Unahesabu vichwa. Mtoto mdogo na kijana anayebeba maji na kuni wanapimiwa sawa. Mama anayenyonyesha na babu anayeshinda kwenye mkeka, sawa. Mzani haumjui mtu. Ukishamaliza kazi yake, kazi inayobaki ni ya yule anayeshika mwiko, na ya wale wanaozunguka sahani.

Kule Korintho waliotangulia mezani walikula wakashiba, na waliokuja nyuma wakabaki na njaa. Paulo hakuwakemea kwa sababu walikula. Aliwakemea kwa sababu walikula kama vile wenzao hawapo. Je, nyumbani kwetu hali ikoje? Watoto watano kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi anashiba. Baba ametengewa sahani iliyojaa, na mdogo anakwangua sufuria.

Tukumbuke pia mana. Ilishuka kila asubuhi, na iliyowekwa hadi kesho yake ikaota mabuu. Mgao wetu haushuki kila siku. Nyumba inayopika kwa wingi wiki ya kwanza, wiki ya mwisho watoto wanalala na maji ya moto. Kugawa unga kwa siku si kukosa imani. Na anayeuza sehemu ili apate sabuni au kuni, tusimhukumu.

Sasa tuseme juu ya uzito. Kwetu mtu mnene huambiwa amebarikiwa. Ndiyo maana mama akitoka kliniki ameambiwa presha au sukari imepanda, apunguze mwili, watu wanacheka: mkimbizi atanenepaje? Inawezekana. Mgao una unga mwingi na hauna mboga za majani. Ukiongeza mandazi, chai yenye sukari nyingi na kukaa kutwa nzima, mtu anaweza kuwa mnene na bado mwili wake una upungufu. Njaa na unene vinaweza kukaa nyumba moja.

Kwa aliyeshauriwa hivyo, njia si kujitesa. Nusu ya sahani iwe mboga, kama sombe au lengalenga. Robo ugali, robo maharage. Apakue mara moja, ale polepole, asirudi sufuriani kwa mazoea. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Anayetumia dawa za sukari asiruke mlo bila kumwuliza mganga. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasipunguziwe. Na tusimcheke mnene wala mwembamba, maana magonjwa na dawa pia hubadilisha mwili.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili, orodha ya tunda la Roho inamalizika kwa neno kiasi. Ni neno lile lile tunalouliza kwenye ugawaji: umepata kiasi gani? Mzani unajibu kwa kilo. Roho anatuuliza jambo lingine: katika ulichopata, umemwona nani?

Kwa hiyo kiasi hakina maana ya kupunguza tu. Kwa baba mwenye presha ni kuacha kijiko cha pili cha sukari. Kwa mama anayenyonyesha ni kuongezewa bila kuona haya. Akina baba, akina mama, na ninyi vijana, kabla ya kunawa mikono tuangalie kwanza ni nani bado hajapata.

Bwana azibariki sufuria zenu. Amani iwe kwenu.