NI NANI ALIYEMFUNGA MGONJWA?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: watu huulizana, amfungaye mwanawe mnyororo kwa kuwa amerukwa na akili, apata dhambi au hapati? Swali hili ni jepesi kwa aketiye barazani. Kwa alalaye chumba kimoja na mgonjwa, ni zito.

Tumfikirie mjane wa mashamba. Mwanawe hutoka usiku akaelekea kisimani. Siku nyingine hutaka kutia moto makuti ya jirani. Mchana mama hana budi kulima, maana asipolima hawali wote wawili. Hospitali i mbali, na nauli hana. Basi amfunga, kisha alia. Nasi twapita njiani, twasema, "Mama huyu hana huruma," tukaenda zetu.

Ama sharia, yajulikana: mwenye wazimu hakukalifishwa, wala haandikiwi dhambi mpaka apate fahamu. Basi aadhibiwa kwa kosa gani? Na mnyororo ni adhabu, ingawa twauita ulinzi. Tena haki yake haipotei kwa kupotea akili yake: aya ya 5 ya Suratun-Nisaa yaamrisha wasio na busara walishwe, wavishwe, na waambiwe maneno mema.

Wako wasemao, "Haya si maradhi, ni jini." Twawajibu: dua haikatazi dawa. Asomewe Kurani, na apelekwe kwa tabibu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Na leo ziko dawa zinazowatuliza wengi. Lakini wengi hurejewa na ugonjwa wakiziacha mara wapatapo nafuu. Kwa hiyo mgonjwa ataka mtu wa kumwangalia kila siku, miaka na miaka.

Ni nani awezaye hayo peke yake? Dharura hupimwa kwa kadiri yake; lakini dharura ya mama huyu tumeifanya sisi. Kumtunza asiyejiweza, ambaye jamaa zake wameelemewa, ni fardhi ya kifaya: wakiitenda baadhi, wengine wamesalimika; wakiiacha wote, wote wana dhambi. Maiti akikosa wa kumwosha, mji mzima hutaharuki. Jeneza hubebwa kwa kupokezana mabega. Mbona aliye hai twamwachia bega moja, tena la mwanamke?

Ndugu zangu, mmoja na atoe nauli, mmoja aende kuchukua dawa, mmoja alale kwa mgonjwa usiku wa Ijumaa. Na apitaye mlangoni pa mama yule asimwulize, "Kwa nini umemfunga?" Na amwulize, "Mama, nije usiku upi nikulindie, upate kumfungua?" Akikosa wa kumwuliza hivyo, mkono uliofunga ni wake, na mnyororo ni wetu.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Wallahu aalam.