Kanisa Lilipasuka Kwanza

Mwaka 1855 Anthony Burns alipata habari kwamba kanisa lake la zamani la Kibaptisti, huko Virginia, limemtenga. Kosa lake lilikuwa kumtoroka bwana wake, na kwa kufanya hivyo, kanisa lilisema, ameasi sheria ya Mungu na ya wanadamu. Burns hakunyamaza. Aliwajibu kwa barua, na hoja yake, ukiiondolea maneno ya adabu, ilikuwa hii: aliibiwa tangu siku aliyozaliwa, Mungu alimuumba mtu, si mtumwa, wa kushtakiwa ni mwizi, si yeye.

Aliyeandika barua na walioipokea walikuwa wakisoma Biblia moja. Hapo ndipo lilipokuwa swali ambalo wanasiasa wa Marekani walilikwepa kwa miaka 70 na ushei: jambo ambalo huyu analiona dhambi na yule analiona agizo la Mungu, je, watu wanaweza kugawana nusu kwa nusu?

Mwanzoni ilionekana inawezekana. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliwahesabu watumwa watano sawa na watu watatu wakati wa kugawa viti vya Bunge. Mwaka 1820 Missouri ilikubaliwa kuwa jimbo la utumwa na Maine jimbo huru, kisha ukachorwa mstari kwenye ramani ya magharibi: kaskazini yake marufuku, kusini ruksa. Mapatano ya namna hiyo yalishika kwa sababu hata wenye watumwa, wengi wao, walikiri kwamba utumwa ni balaa, ila wakadai hawajui watajinasuaje. Uovu uliokiriwa unaweza kuwekewa mipaka, ukavumiliwa huku mwisho wake ukisubiriwa.

Pamba ikabadilisha maneno. Mashine ya kuchambua pamba ya mwaka 1793 iliyafanya mashamba ya Kusini kuwa machimbo ya fedha, na watumwa waliokuwa karibu 700,000 mwaka 1790 wakakaribia milioni 4 ilipofika 1860. Utajiri wa kiasi hicho hauwezi kukaa muda mrefu bila teolojia yake. Mwaka 1837 John C. Calhoun, seneta wa South Carolina, alisimama katika Seneti akatamka kwamba utumwa si uovu hata kidogo, bali ni jema kwa bwana na kwa mtumwa. Wahubiri wakamjazia aya: laana ya Kanaani, watumwa wa Ibrahimu, Paulo akimrudisha Onesimo kwa Filemoni. Wapinzani wao wakajibu kwa kitabu cha Kutoka, tangu Waisraeli walipotoka Misri hadi ile sura ya 21 inayomhukumu kifo anayemwiba mtu na kumuuza. Watetezi wa utumwa hawakuwa mbumbumbu. Baadhi yao walikuwa mabingwa wa Maandiko. Walichokosa ni nia ya kumsikiliza Mkristo aliyezisoma aya hizohizo akiwa mtumwa.

Mpasuko wenyewe ulianzia mahali ambapo wengi hawapatazami. Mwaka 1844 Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ulikaa New York kujadili suala la askofu mmoja, James O. Andrew wa Georgia, aliyekuwa amepata watumwa kwa urithi na kwa ndoa. Wajumbe wa Kaskazini waliuliza askofu wa namna hiyo atawezaje kusimama mbele ya makanisa yao. Wa Kusini walijibu kwamba sheria za Georgia hazimruhusu kuwaacha huru hata akitaka, na kwamba Mkutano hauna haki ya kumwandama. Kura zikaamua aache kazi ya uaskofu mpaka ajitoe katika umiliki huo. Mwaka uliofuata Wamethodisti wa Kusini wakaunda kanisa lao. Mwezi Mei 1845 Wabaptisti wa Kusini nao wakakutana Augusta, Georgia, wakajitenga kwa sababu ya swali linalofanana na hilo: mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari?

Calhoun aliielewa hatari ya mpasuko huo kuliko wengi. Machi 1850, akiwa mgonjwa wa kufa, hotuba yake ya mwisho ilisomwa na seneta mwenzake. Ndani yake alitaja kamba zilizoufunga Muungano, makanisa yakiwa mstari wa mbele, akaonya kwamba baadhi zimekwisha kukatika na nyingine zinaelekea huko. Mtu huyo alikosea karibu kila kitu kuhusu utumwa, lakini hapa aliona sawasawa. Kanisa lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo muumini wa Georgia alilazimika kukaa na kumsikiliza muumini wa Ohio. Lilipogawanyika, kila upande ulibaki na mimbari yake na makofi yake.

Mwaka huohuo wa 1850 Bunge lilipitisha sheria ya kuwarudisha watumwa watoro. Mshukiwa hakupewa baraza la wazee wa mahakama, wala ushahidi wake mwenyewe haukupokelewa. Kamishna alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, dola 5 akimwachia. Raia yeyote angeweza kuamrishwa asaidie kumkamata. Kabla ya hapo mtu wa Boston aliweza kujiambia kwamba dhambi ni ya watu wa mbali; sasa ilimtaka mikono yake.

Kwa sheria hiyo Burns alikamatwa Boston mwaka 1854, mwaka mmoja kabla ya barua yake. Aliposindikizwa bandarini ili arudishwe Virginia, askari walijipanga barabarani na majengo yalitundikwa vitambaa vyeusi. Amos Adams Lawrence, tajiri wa vitambaa ambaye hadi siku hiyo aliwaona wapinga utumwa kuwa wakorofi, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa wahafidhina wakaamka wapinga utumwa wenye wazimu. Na biashara ya vitambaa ililishwa na pamba ileile ya watumwa. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa nje ya mnyororo huo: meli za Salem zilileta Zanzibar merikani iliyofumwa Massachusetts, ikauzwa hadi bara, kwenye njia zilezile za pembe na watumwa.

Seneta Stephen Douglas aliona ana dawa: walowezi wa Kansas wapige kura, waamue wenyewe kama utumwa uruhusiwe kwao. Mpinzani wake wa Illinois, Abraham Lincoln, alimjibu kwamba kila kitu kinategemea kama Mweusi ni mtu au si mtu. Akiwa mtu, kujitawala kwa huyu hakuwezi kuwa ruhusa ya kumtawala yule. Kansas yenyewe ilitoa jibu lake mwaka 1855, wakati watu wa Missouri walipovuka mpaka kwenda kupiga kura. Waliostahili hawakufika 3,000. Kura zilizohesabiwa zilizidi 6,000. Baada ya karatasi zilifuata bunduki.

Lincoln alipochaguliwa kuwa rais, South Carolina ilijitoa katika Muungano tarehe 20 Desemba 1860. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ugomvi ulikuwa juu ya haki za majimbo. Wangesoma tamko la South Carolina yenyewe: linayalaumu majimbo ya Kaskazini kwa kukataa kuwarudisha watoro, yaani kwa kuzitumia haki zao. Machi 1861, mjini Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, aliliweka wazi zaidi: jiwe la pembeni la dola yao ni kwamba Mweusi si sawa na Mweupe. Vita vilivyofuata viliua zaidi ya watu 600,000.

Vita havikuamua Biblia inasema nini. Viliamua nani atakuwa huru. Makanisa yalichelewa zaidi. Wamethodisti wa Kaskazini na Kusini waliungana tena mwaka 1939, kwa sharti kwamba makanisa ya Weusi yawekwe katika jimbo la kikanisa la peke yao, na jimbo hilo likadumu hadi 1968. Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la kuomba radhi kwa utumwa mwaka 1995, miaka 150 baada ya mkutano wa Augusta.