Dakika 17 za Mvua

Jumapili nilipotaja besiboli pale madhabahuni niliona wazee wakitazamana na vijana wakitoa simu. Muda haukutosha, kwa hivyo wacha nimalizie hapa.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, mjini Cleveland, Marekani, ilichezwa mechi ya saba, ile ya kuamua bingwa. Chicago Cubs hawakuwa wamechukua ubingwa huo tangu 1908. Miaka 108, jameni! Walikuwa mbele 6-3, wamebakisha kuwatoa wapigaji wanne tu. Mrushaji wao Aroldis Chapman, mtu wa mipira ya kasi ya kutisha, alikuwa amechoka. Cleveland wakapata moja, kisha Rajai Davis akaupiga mpira ukavuka ukuta. 6-6. Awamu ya tisa ikaisha hivyo hivyo. Halafu mvua ikaja.

Sisi tumezoea kandanda, vijana wanacheza hata kwa matope. Besiboli haiwezi. Mpira ukilowa unamponyoka mrushaji, na ule mpira ukikupata kichwani si mchezo tena. Kwa hivyo uwanja unafunikwa turubai na kila mtu anaingia ndani. Na fainali zenyewe huchezwa Oktoba, usiku, baridi ikiwa imeanza. Philadelphia mwaka 2008 mvua ilisimamisha mechi ya tano ikiwa 2-2, ikamaliziwa siku mbili baadaye!

Ile ya Cleveland ilisimama dakika 17 tu. Swali langu ni, ndani mlikuwa na nini?

Mlikuwa na Jason Heyward. Huyu alikuwa na mkataba wa dola milioni 184 kwa miaka minane, na msimu ule kupiga kulikuwa kumemkataa kabisa. Mimi nilisomea biashara, na kwa hesabu zetu huyo ni mtu wa kunyamaza kwenye kona: amelipwa vizuri na hajazalisha. Lakini ndiye aliyewaita wenzake kwenye chumba kidogo cha mazoezi ya vyuma, wachezaji peke yao. Wenzake walisimulia baadaye kwamba Chapman alikuwa analia. Heyward akawakumbusha wao ni timu ya namna gani na wametoka wapi pamoja. Mvua ikaisha, wakatoka. Ben Zobrist akapiga, bao likaingia. Miguel Montero naye akapiga, 8-6. Cleveland wakarudisha moja tu. 8-7.

Si Heyward aliyepiga ile mipira miwili. Hilo nalipenda sana.

Sasa fungua Matendo 27. Paulo ni mfungwa, hana cheo melini, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa umepuuzwa. Siku 14 za dhoruba, watu 276 hawajala. Yeye ndiye anayesimama katikati yao, anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote na kuanza kula. Nao wakapata moyo. Lakini soma mpaka mwisho, mpendwa: meli ilivunjika. Watu walifika ufuoni wengine wakishikilia mbao. Sitaki mtu aniambie mhubiri alisema mvua ikiisha lazima utapata kombe. Cleveland nao walikuwa na waombaji, na walishindwa.

Wacha niseme yangu. Mwaka duka langu la vifaa vya ujenzi lilipofungwa, kwa miezi mitatu nilitoka nyumbani kila asubuhi na tai shingoni, nikaenda kukaa bustanini mjini hadi jioni. Nilikuwa na shahada ya biashara na biashara imenishinda; ningemwambia nani? Ushirika wa wanaume niliuacha, nikisema niko bize. Siku niliyomwambia mke wangu, akanijibu, "Baba, nilijua tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nakungoja." Duka halikurudi hadi leo. Lakini usiku ule nililala.

Wako ndugu humu ambao mechi yao imesimama. Wengine kazi, wengine ndoa, na wengine wamebeba deni ambalo nyumbani halijulikani. Najua baadhi yenu mnasoma hili mkiwa mahali ambapo nyumbani hawajui mko.

Jumatano saa kumi na mbili jioni, chumba kile cha nyuma ya jukwaa kitakuwa wazi, wanaume peke yetu. Sitahubiri. Chai itakuwepo.