Kupatwa kwa Mwezi: Saa ya Kuutazama na Pahala pa Kusimama

Na wajue ndugu Waislamu ya kwamba Swala ya kupatwa kwa mwezi ni Sunna iliyotiliwa mkazo, na sababu yake ni kuonekana kwa jicho. Wanajimu wakisema mwezi umepatwa, na mbingu yote ni mawingu, haiswaliwi, kwani asili ni kutopatwa. Lakini ukishaonekana kisha wingu likaufunika, huswaliwa, kwani asili ni kubaki kwake. Basi hesabu kazi yake ni kumjulisha mtu asimame lini na wapi.

Tarehe 7 Septemba 2025, katika Mfungo Sita, jambo lilikuwa jepesi. Kivuli kiliingia saa 1:27 za usiku, mwezi ukapatwa wote tangu saa 2:30 hata saa 3:52, nao uko mashariki, upande wa bahari.

Kupatwa kwa Ijumaa, 28 Agosti 2026, ni kinyume chake. Kivuli ni saa 11:34 za alfajiri, na jua huchomoza karibu ya saa 12:20. Mwezi huwa magharibi, umeinama. Wa mjini Unguja atosheka na Forodhani. Wa Mombasa upande huo ni bara, naye yampasa apande darini.

Hapa wengi hukosea, wakidhani alfajiri ikitoka wakati wa Swala hiyo umekwisha. Sivyo. Katika kauli mpya ya Imamu Shafii, aliyoishika Imamu Nawawi katika Minhaji, haipiti kwa kutoka alfajiri, wala kwa mwezi kutua hali umepatwa. Hupita kwa kung'aa wote au kwa kuchomoza jua. Wala karaha ya baada ya Swala ya Alfajiri haiizuii, maana ina sababu. Asiyeswali Alfajiri, akichelea kuikosa, aanze fardhi. Wakati ukiwa wasaa, hutanguliza ya mwezi na kuipunguza kisomo.

Nayo ni rakaa mbili, kila rakaa visimamo viwili na rukuu mbili, kwa sauti, pasipo adhana. Hunadiwa "Asswalatu jaamia". Jua likitangulia kuchomoza, hailipwi. Ama khutba, Swala ikiwa imeswaliwa, hutolewa ijapokuwa kumekucha: Mtume (s.a.w.), jua lilipopatwa siku aliyokufa mwanawe Ibrahim, alikhutubu nalo limekwisha kung'aa, akawakanya waliosema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho.